Hasi Mia na Sitini

Bibi Ndimbumi alikufa wa kwanza kwa sababu alijua adabu kuliko wote.

Alitangulia msafara wa wanawake saa nne asubuhi, jua likiwa tayari kali juu ya ukuta wa bwawa. Mkononi alishika jani la mgomba. Alipofika kwenye jiwe jeupe, hatua mia mbili kutoka langoni kwetu, alipiga magoti. Akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kama bakuli, jinsi mama zetu walivyotufundisha. Mwanamke wa nyuma akampa kibuyu. Akajaza maji mdomoni, akakaa nayo kidogo akiwa ameinamisha macho, kisha akayatema mbele yake ardhini.

Nyigu watatu wa chuma walishuka kwa pamoja. Msumari wa kwanza ulimwingia juu ya jicho na kutokea kisogoni. Kwa wa pili na wa tatu hakukuwa na haja, lakini nyigu hawajui haja. Wanawake wawili waliopiga magoti kando yake, waliokuwa wametema pamoja naye, walipigwa kabla hawajainua vichwa. Mmoja alianguka akiwa bado ameshika jani lake. Mwingine alibaki amekaa, shingo imefunguka, damu ikimshukia kwenye kitenge.

Niliona yote hayo kupitia dirisha la chumba cha juu ya lango. Tulikuwa watu watatu humo ndani: mimi, mwenzangu Tunsume aliyekaa kwenye skrini ya pili, na Kamanda Mbogela aliyesimama nyuma yetu.

"Wana mabomu," Mbogela alisema. "Wameyafunga matumboni. Nyigu wameona."

"Yule ni Bibi Ndimbumi," nikasema. "Ni mkunga. Ndiye aliyempokea dada yangu."

"Basi alijua pa kuficha kitu."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakuwa anatania.

Kule nje wanawake hawakukimbia. Hilo ndilo ninalolikumbuka mpaka leo. Walisimama kama watu waliosikia salamu vibaya. Halafu mmoja akapaza sauti, na kipaza sauti cha langoni kikatuletea maneno yake: "Hawajaona! Jua liko machoni mwao! Rudieni vizuri!"

Safu ya pili ikaja mbele. Walikuwa watano. Walipita katikati ya maiti, wakapiga magoti kwenye damu, majani mikononi. Wakapiga makofi. Wakatema maji.

Nyigu wakashuka tena.

*

Kwetu, anayetaka kumaliza ugomvi huchukua maji mdomoni. Anakaa nayo na kukumbuka kila alichotendewa, kisha anayatema mbele ya aliyemkosea. Yakitoka yametoka, na jambo lile haliulizwi tena. Lakini akiyameza, basi ameuchukua ugomvi akauweka tumboni, na ndugu zake waliosimama nyuma yake wanajua la kufanya. Watu huangalia koo. Hata wakati mimi nikiwa mdogo, kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba, wanaume walikuwa hawamwangalii msemaji usoni. Waliangalia koo.

Na hawa walikuwa watu wa chini ya bwawa, ambao tulikuwa tumewafungia maji miezi saba. Walikuwa wanachimba mchanga wa mto kwa mikono ili wapate tope la kukamua. Sijui walikusanya vipi maji ya kujaza kibuyu kile kimoja. Wakaja kuyatema mbele yetu.

*

Kwenye skrini, kila mtu aliyeonekana mbele ya lango alikuwa na namba juu ya kichwa. Ya kijani ilimaanisha aachwe. Ikifika tisini iligeuka nyekundu, na hapo nyigu hawakusubiri amri ya mtu. Walikuwa mashine za ukubwa wa kuku, kumi na wawili juu ya lango letu, na walikuwa na kazi moja tu.

Nilirudisha nyuma picha ya Bibi Ndimbumi. Namba yake ilisomeka hivi: alipotokea, sifuri. Alipoinua jani, hasi arobaini. Alipopiga magoti, hasi themanini. Alipopiga makofi, hasi mia na ishirini. Alipotema maji, tisini na sita.

Tisini na sita. Nyekundu.

Nilirudisha tena. Tunsume alisogeza kiti chake karibu, akaangalia, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Ambakisye," alisema kwa sauti ya chini. "Upande wa chini uliushibisha?"

Alikuwa anajua jibu, maana alikuwepo siku nilipoandika hesabu ile.

Niseme kwa ufupi, kwa sababu watu wengi wamenung'unika kwamba mashine zilirogwa. Hazikurogwa. Ndani ya nyigu kulikuwa na maktaba ya hesabu, yaani mkusanyiko wa taratibu ndogondogo ambazo programu nyingine huziita zinapotaka kazi ifanyike. Mmoja wa taratibu hizo ulikuwa wangu. Kazi yake ilikuwa kujumlisha safu ya namba kamili na safu nyingine, watu kumi na sita kwa pigo moja badala ya mmojammoja. Ili watu kumi na sita waenee, kila mmoja alipewa kisanduku kidogo, kinachobeba kuanzia hasi mia na ishirini na nane mpaka mia na ishirini na saba. Basi.

Kisanduku kikizidiwa kuna njia mbili. Unaweza kukishibisha, ikimaanisha kikijaa kinabaki kimejaa, hata ukiongeza. Au unakiacha kizunguke, kama mita ya pikipiki inavyopita tisa zote na kuanza upya. Upande wa juu niliushibisha, kwa sababu kila mtu aliona hatari yake: jambazi mwenye silaha nyingi mno angezunguka na kuonekana mtoto mchanga. Upande wa chini niliuacha. Kuuangalia kungeongeza amri mbili kwa kila safu, na safu zilikuwa maelfu kwa kila sekunde, na wakubwa walitaka kasi.

Siku ile nilimuuliza Tunsume kama tuuache. Alicheka. "Mtu mwema kupita hasi mia na ishirini na nane yuko wapi? Labda malaika, na malaika hawaji bwawani."

Nami nikacheka.

Na wakati ule ilikuwa kweli. Ishara za amani tulizoweka zilikuwa tatu, arobaini kwa kila moja. Hakuna aliyeweza kufika chini. Ya nne niliiongeza mwenyewe mwezi uliopita. Dada yangu Ikupa, aliyeolewa kule chini, alikuja kwenye uzio siku tuliyoruhusiwa kuonana na ndugu. Alikuwa amekonda mpaka pete ilikuwa imefungwa uzi isianguke. Akaniuliza, "Kaka, siku tukija kupatana, hao wadudu wako watajua maana ya kutema maji?"

Nikamwambia, "Nitawafundisha."

Niliwafundisha. Nikamtumia ujumbe: *Nyigu wanajua maji. Njooni bila hofu.* Hasi mia na ishirini ukitoa arobaini ni hasi mia na sitini. Kisanduku hakina pa kuiweka. Inazunguka, inatokea juu, na juu kule inasomeka tisini na sita.

Kwa hiyo aliyekosea adabu kidogo aliishi. Aliyeitimiza yote alikufa.

*

Safu ya tatu ilikuwa inapita katikati ya maiti nane.

Walikuwa kumi na watatu. Katikati yao nilimwona Ikupa. Alikuwa ameweka mikono kwenye mabega ya wenzake wawili, akiwasukuma taratibu, na kipaza sauti kikatuletea sauti yake: "Tusiishie njiani. Kuishia njiani ni vibaya zaidi. Kaka yangu alisema wanajua maji. Wanajua."

"Kamanda," nikasema, nikisimama. "Washushe nyigu. Ni kosa la hesabu. Ni kosa langu. Naomba dakika tisa niwapakie hesabu upya."

"Dakika tisa wakiwa chini?"

"Chini, wamezimwa."

Mbogela alinyoosha kidole dirishani. Nyuma ya wanawake, mahali miti ya mikaratusi inapoanzia, walikuwa wamekaa wanaume. Tulikuwa tumehesabu mia sita. Walikuwa na mapanga na magobole, na walikuwa wameahidi kukaa hivyo mpaka wake zao wamalize kupatanisha. Sasa walikuwa wamepiga goti moja moja, kama watu wanaongoja filimbi.

"Tumeshawaua wanane," alisema. "Unadhani nikizima nyigu, wale watakaa wanywe uji? Hospitali iko hatua sitini kutoka langoni. Ndani kuna watu elfu nne."

"Wanawake hao hawana kitu!"

"Siwasemi hao tena. Nimesema wale." Akatoa bastola na kuniwekea nyuma ya sikio. Ilikuwa na joto la mwili wake. "Gusa hicho kitufe, mwalimu wa hesabu. Gusa uone."

Kitufe cha kuwazima nyigu kilikuwa mbele yangu, umbali wa mkono. Sikukigusa. Naandika hili kwa sababu wengine wamesema nilijaribu. Sikujaribu.

Kule nje safu ya tatu ilikuwa imeshapiga magoti na makofi. Tunsume alisema kwa haraka, "Waambie wasiteme. Wako hasi mia na ishirini wote. Wakiishia hapo wako salama."

"Wasimame basi, watupe majani," nikasema.

"Haisaidii. Ishara ikishahesabiwa haifutiki mpaka mtu atoke eneo. Yamebaki maji tu."

Kibuyu kilikuwa kimeshapita mikononi mwa wote kumi na watatu. Mashavu yao yalikuwa yamejaa. Ikupa alikuwa amefumba macho, na nilijua anachofanya: alikuwa anakumbuka. Miezi saba, na mtoto wake wa pili, aliyekufa kwa kuhara mwezi wa tano.

Nikavuta kipaza sauti. "Msiteme!"

Sauti yangu ilipasuka juu ya uwanja ule kama bati. Mwanamke wa mwisho upande wa kushoto, msichana wa miaka ishirini hivi, alishtuka akafungua mdomo. Maji yakamtoka kidevuni. Namba yake ikaruka. Nyigu mmoja tu alishuka, akampiga kwenye mdomo uleule uliofunguka, na meno yake yakatawanyika kwenye vumbi.

Wale wengine walianza kutetemeka. Kuna aliyekuwa karibu kukohoa.

Hapo nilikuwa na neno moja, na nilijua maana yake. Nilijua wanaume wa mikaratusini wanaangalia nini. Nilijua wakiona koo zikicheza, na zikicheza kwa amri iliyotoka kwetu, watakuwa wameambiwa na pande zote mbili kwamba hakuna amani. Nilikuwa na muda wa kulijua hilo. Siwezi kusema sikuwa nao.

"Ikupa," nikasema. "Ni mimi, kaka yako. Meza. Mezeni wote. Mezeni!"

Alifungua macho. Aliangalia juu, moja kwa moja kwenye dirisha letu, ingawa kwa jua lile hakuweza kuniona. Nyigu walikuwa wanaelea juu yake wakimsubiri.

Akameza.

Mmoja baada ya mwingine, wale wote kumi na wawili wakameza. Namba zikabaki pale pale, hasi mia na ishirini, kijani tupu. Tunsume alianza kulia kwa furaha. Nadhani alikuwa na sekunde mbili za furaha.

*

Hawakupiga kelele. Nilitegemea watapiga kelele. Wanaume mia sita walitoka kwenye mikaratusi kimya, wakikimbia, na kilichosikika ni miguu.

Nyigu wakawapokea. Gobole ni themanini, panga ni sitini, kukimbia ni arobaini na tano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ishara ya kupunguza. Walikuwa wanaanguka kwa mistari. Msumari wa nyigu hauangushi mtu nyuma kama risasi ya bunduki kubwa. Anaendelea hatua mbili tatu, kichwa kimekwisha, miguu haijajua. Walirukana. Waliochomwa mapajani waliburuzika kwa viwiko mpaka mashine zikawarudia. Na katikati ya yote, wanawake kumi na wawili wamepiga magoti, na nyigu wanapita juu yao kama upepo, hawawagusi, kwa kuwa wao ni wema.

Nilimwona shemeji yangu. Andulile alikuwa mtu mzito, hakuwahi kukimbia hata kwenye mpira. Alikuwa na panga mkononi lakini hakuwa anaelekea langoni. Alikuwa anamkimbilia mkewe. Alinyoosha ule mkono mtupu, akamshika Ikupa begani ili amvute. Mia na tano. Msumari ulimpata chini ya sikio. Alimwangukia mke wake akamlaza chini, na Ikupa akabaki amefunikwa naye.

Hesabu ile ilikuwa sahihi. Nimeikagua mara nyingi.

Misumari ya nyigu iliisha baada ya dakika sita. Wanaume waliobaki walifika langoni. Walinzi wetu waliwapiga kutoka ukutani, wao wakajibu kwa magobole yaliyoshindiliwa vyuma chakavu. Mpigo mmoja wa vyuma hivyo uliingia dirishani. Kioo kilinipasua paji la uso. Kamanda Mbogela alikuwa bado amenishikia bastola, na nilihisi inaondoka. Nilipogeuka, taya yake ya chini haikuwepo. Alikuwa amesimama, anaishika nafasi iliyokuwa na taya kwa mikono miwili, macho yake yananiuliza kitu. Alikaa chini polepole na kufa akiwa ameegemea mguu wa meza yangu.

Lango lilivunjwa upande mmoja. Waliingia kama arobaini. Walimkata mlinzi wa kwanza mikono, wa pili walimtumbukiza kwenye mfereji wa mitambo akiwa hai. Walifika kwenye ngazi ya hospitali, na pale wapishi, wauguzi na wagonjwa wenye nguvu waliwamaliza kwa majembe, kwa mawe, kwa mitungi ya gesi. Nilikuwepo. Nilishika chuma cha kitanda nikampiga mtu aliyekuwa ameshaanguka. Nilimpiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nilikuwa nasema jina la dada yangu.

Mchana tulihesabu. Kwao, mia tatu na themanini na mmoja, pamoja na wale wanawake tisa. Kwetu, thelathini na wanne.

*

Kurekebisha utaratibu ule kulichukua muda wa kunywa chai. Ni mistari miwili. Sasa mtu akizidi wema, kisanduku kinabaki hasi mia na ishirini na nane, kimeshiba. Tunsume aliukagua, akaupitisha, kisha akaomba apelekwe kwenye pampu na hajawahi kurudi kwenye skrini.

Wiki ya pili bwawa liliachia nusu ya maji. Haikuwa amani. Wakubwa walipiga hesabu wakaona waliobaki chini hawatoshi kuogopwa.

Siku ya arobaini niliteremka. Nilimkuta Ikupa nyuma ya nyumba yake, anasiliba kaburi la mumewe kwa udongo na maji. Mikono yake ilikuwa imepakaa mpaka kwenye viwiko. Shati langu lilikuwa safi. Hakunikaribisha.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukupa pole, dada."

"Nimeipokea."

Akachota udongo mwingine. Nilichuchumaa nikitaka kumsaidia, naye akasogeza beseni mbali nami, bila hasira, kama kitu cha moto kinavyosogezwa mbali na mtoto asiungue.

"Nikuulize kitu," alisema. "Ulipotuambia tumeze, ulijua akina Andulile wanatuangalia?"

"Nilijua."

"Ulijua watafanya nini."

"Nilijua."

"Na kuwazima wale wadudu kulikuwa hakuwezekani?"

"Kulikuwa kunawezekana. Mbogela alikuwa ameniwekea bastola kichwani."

Alifikiri. Alipapasa udongo kwa kiganja, akaulainisha pembeni ya jiwe la kichwani.

"Kwa hiyo kulikuwa na kufa wewe. Au kufa sisi kumi na wawili tuliobaki, tukiwa tumetema."

"Wanaume wangekuja vilevile, Ikupa. Baada ya kuona mmekufa wote, wangekuja."

"Labda. Labda wangekuja. Hatutajua, si ndiyo? Lakini mimi nisingekuwa nimewaita." Akainua uso. "Mama za waliokufa wananipita njiani hawanisalimii. Wanasema mke wa Andulile ndiye aliyemeza wa kwanza. Na ni kweli."

"Ulikuwa na maji mdomoni. Walikuwa juu yako tayari. Nisingeweza kuangalia."

"Ungefumba macho, kaka. Ungeniacha niteme."

Mtu akasikika akikohoa upande wa barabarani, kisha sauti za wanaume na mlio wa kuni zikitupwa chini.

"Hao ni wadogo zake Andulile," Ikupa alisema, akirudi kwenye udongo wake. "Wana mashoka. Wakikukuta hapa, mimi sitawazuia. Wanangoja tu nionyeshe kwa kidole, na kidole sina nguvu ya kukikataza. Ondoka."

Nina miaka arobaini na sita. Niliruka uzio wake wa miba nikachanika mguu, na nilikimbia njia nzima ya kupanda bila kugeuka nyuma. Mbele ya jiwe jeupe nyigu mmoja alishuka, akaning'inia usawa wa uso wangu. Alinihesabu, kisha akaniacha nipite.